Lugha ya Mabeseni

Mtaani kwetu Kolwezi, mwendesha taximoto akikaribia lango la Directrice alizima injini, akashuka, akaisukuma pikipiki mpaka avuke ukuta, ndipo aiwashe tena. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo. Wengi wa vijana hao walikuwa wamepita katika shule ya msingi aliyoiongoza, na mwili hausahau. Abiria mgeni akiuliza kama essence, yaani petroli, imeisha, alijibiwa kwa kunong'onezwa:

"Hapana, mama. Apa njo kwa Directrice."

Alikuwa amestaafu kitambo. Ofisi alipewa mwingine, na huyo mwingine naye tuliambiwa alikuwa directrice, lakini sisi hatukuweza kulitoa neno hilo kichwani kwa mwenyewe na kulivika kichwa kingine. Siku ya arusi yangu aliombwa aseme maneno mawili. Ukumbi ulikuwa umejaa wajomba wenye bia, na hakuna aliyekuwa akimsikia. Akasimama, akasema, "Silence!" Watu wakanyamaza, watoto wakanyamaza, na jenereta huko nje nayo ikazimika. Mume wangu mpaka leo anasema ilikuwa mafuta tu. Mimi nilikaa darasani kwake, sina uhakika huo.

Baada ya arusi tukapata nyumba inayotazamana na yake, na kwa kuwa mimi ni fundi wa kushona, niliogopa cherehani yangu itamkera. Asubuhi ya kwanza akaja, akasimama mlangoni akiwa ameshika mikono mgongoni, akasikiliza.

"Hiyo ni kelele ya kazi," akasema. "Endelea."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kibali.

Alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Alihesabu kwa Kifaransa, akasali kwa Kilunda, akagomba kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, Kiswahili ndicho kinachosikika mbali. Aliwachukia waongo kuliko wezi. Mwizi, alisema, angalau amefanya kazi ya mikono. Alituambia munkoyo ni kinywaji cha watu wasio na mpango wa siku, lakini kila Jumamosi mama mmoja muuza munkoyo aliingia kwake na ndoo iliyofunikwa kitambaa, akatoka na ndoo nyepesi. Ukimuuliza, anasema ni dawa ya figo. Figo zake zilikuwa na kiu ya Jumamosi tu.

Na alipenda kimya. Alikuwa amekitafuta maisha yake yote, kama wengine wanavyotafuta shaba, na alipostaafu akakipata, nyumba nzima. Aliishi humo peke yake, akifagia uwanja mara mbili kwa siku ili majani yasipige kelele.

Ndipo akaja dada yake mdogo.

Tulimwita Tantine, yaani shangazi. Alishuka kwenye garimoshi kutoka Kasaji akiwa amebebwa na wanaume wawili, pamoja na gunia la muhogo mkavu ambalo alikataa liachwe. Tension, presha ya damu, ilikuwa imempiga: mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa, ulimi umekufa. Msiba huo ungekuwa mzito kwa yeyote, lakini kwa Tantine ulikuwa kama kumnyang'anya mkulima jembe. Yeye aliuza sokoni Kasaji miaka na miaka, na ilisemwa kwamba garimoshi likipiga honi wakati yeye anaita wateja, ni dereva wa garimoshi aliyelazimika kurudia. Dada hawa wawili walikuwa hawawezi kukaa nyumba moja zaidi ya Krismasi. Mmoja alitaka kimya, mwingine hakujua kimya ni kitu gani. Sasa aliyekuwa anasema alinyamaza, na kilichobaki hai katika mwili wake kilikuwa mkono wa kushoto, mguu wa kushoto, na hasira.

Directrice alimpa kikombe cha bati na kijiko. Akitaka kitu, agonge.

Akagonga. Siku nzima tulisikia: ka, ka, ka.

"Maji?" Directrice anauliza. Kichwa kinatikiswa, hapana. "Bukari ya kula? Choo? Jua linakuunguza? Unataka kulala? Unataka kuamuka?" Ka, ka, ka. Siku ya nne kikombe kilivuka uwanja na kutua barabarani, mbele ya mlango wangu. Nilipokirudisha, nilimkuta Directrice amekaa chini, jambo ambalo sijawahi kuliona, na miwani yake ameishika mkononi.

"Alikuwa anataka nini?" nikauliza.

"Alikuwa anataka nisogee," akasema. "Nilikuwa namufunikia njia. Alikuwa anataka kuona batu benye kupita." Akafuta miwani kwa kanga. "Lugha ya neno moja si lugha. Ni kosa langu. Nimemupa mwanafunzi kalamu bila herufi."

Kesho yake alianza kutafuta herufi.

Aliingia nyumbani kwangu akiwa na kijiko, akagonga sufuria zangu zote, kila moja, akiwa ameinamisha sikio kama daktari. Akagonga beseni, ndoo, mfuniko, chupa ya mafuta. Akagonga mtungi wa gesi. Akanigonga bega mimi, nadhani kwa bahati mbaya. Akaondoka na beseni langu la enameli. Hakuwa anaomba, kwa maana kuomba alikuona ni tabia mbaya. Yeye alisema tu, "Hiki nakichukua," na mtu akajikuta anasema asante.

Wanawake wa mtaa wakaanza kuficha vyombo. Ukisikia lango lake linafunguka, ulisikia pia milango ya jikoni ikifungwa, moja baada ya nyingine, mpaka kona.

Alipomaliza mtaa akaenda sokoni. Huko alisimama kwenye meza za sufuria na kugonga, mpaka muuzaji mmoja akachoka.

"Mama, unanunua ao unacheza?"

"Nasikiliza," akasema Directrice. "Hii ni bubu. Hii inadanganya. Hii, ee, hii inaimba."

Akina mama waliokuwa karibu waliposikia hivyo wakadhani wamempata mjuzi wa aluminiamu. Wakamfuata. Kila sufuria aliyoisifu ilinunuliwa papo hapo. Baada ya siku chache mama mmoja alikuja kupiga lango lake, ameshika sufuria inayovuja kama kikapu.

"Directrice, ulisema hii ni ya muzuri!"

"Nilisema inaimba. Sikusema inapika."

Na akaichukua.

Aliviweka vitu vyake ukutani, upande wa jikoni, kwenye fremu ya miti ya mkalitusi iliyofungwa kwa waya, kila kitu kwa kimo cha mkono wa Tantine akiwa amekaa. Beseni langu lilikuwa ni kuoga. Bakuli la mbao lilikuwa chakula. Rimu ya lori, iliyoning'inizwa kwa mnyororo, ilikuwa "njooni upesi," na ilisikika mpaka kituo cha mabasi. Karatasi ya bati ilikuwa "nimekasirika." Kisha akakata mabomba ya plastiki ya maji, tiyo tunavyoyaita, marefu na mafupi, akayapanga kama filimbi zilizosimama; ukilipiga bomba mdomoni kwa ndala, linatoa sauti ya tumbo. Hayo yalikuwa watu. Kila jirani na bomba lake. Bomba refu kupita yote, lenye sauti ya ng'ombe, Tantine alilichagua mwenyewe kuwa Directrice. Directrice alilipinga.

"Sauti yangu haiko vile."

Tantine akalipiga tena, polepole, akimtazama.

Kwangu alichukua pia meza ya cherehani ya miguu. Kichwa chake kilikuwa kimekufa na mimi nilikuwa nimenunua ya umeme.

"Ile meza yako inafanya nini pale?"

"Imekaa tu, Directrice."

"Basi ikuje ikae kwangu."

Alifunga vijiko kwenye gurudumu lake, akapanga chupa tupu mbele yake, na Tantine akikanyaga kwa mguu wa kushoto, vijiko vilizunguka na kuzipapasa chupa: kilikili-kilikili-kilikili. Directrice alikusudia iwe "niko tayari." Tantine alikanyaga mara moja, akasikiliza, na uso wake ambao nusu yake haikusogea ukasogea nusu nyingine. Akaamua kuwa hicho ni kicheko chake.

"Kicheko si ombi," Directrice akasema. "Hatuwezi kupoteza mashini nzima juu ya kicheko."

Kilikili-kilikili, akajibiwa. Na kikabaki kicheko.

Lakini mwalimu ni mwalimu. Vitu vilipokamilika, akadai sarufi. Haitoshi kupiga bakuli, alisema; nani anataka chakula, na anataka kukifanyaje? Alitundika kipande cha reli kuwa "nataka," na akaagiza kila sentensi iwe na mtu, kitenzi na kitu, kwa mpangilio. Nilikuwa pale nikimpimia Tantine gauni siku alipopiga ndoo ya choo. Akaipiga mara mbili, haraka.

"Nani?" Directrice akauliza. "Sentensi haina mutu."

Tantine akalipiga bomba lake mwenyewe, na ndoo.

"Na kitenzi?"

"Directrice," nikasema, "nafikiri ni haraka."

"Hata haraka iko na kitenzi."

Tantine akainua kijiko, akalenga reli, akaipiga kwa heshima zote. Sentensi ilikuwa kamili na sahihi, ila ilikuwa imechelewa. Directrice alimsafisha mwenyewe, alifua mwenyewe, na jioni alitangaza mbele ya ukuta kwamba mambo ya dharura hayahitaji sarufi. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akibadilisha kanuni. Tantine alicheka kwa mguu mpaka chupa moja ikavunjika.

Tangu hapo nyumba ile ya kimya ikawa na ugomvi kila asubuhi, na sisi tukapata raha. Directrice aligomba kwa mdomo, Tantine akagomba kwa ukuta. Kuhusu chumvi. Kuhusu nani alimficha nani dawa. Kuhusu mwanamume fulani wa Mutshatsha ambaye, kama tulielewa sawasawa yale mabomba, alimchumbia mmoja na kumwandikia mwingine. Akina mama waliotoka kuteka maji waliweka ndoo chini karibu na ukuta na kujifanya wanapumzika. Baada ya majuma machache mtaa mzima ulielewa. Ulikuwa unasikia "bomba refu, bati, bakuli," na unajua: Directrice amechoma chakula tena.

Kisha watu wakaanza kuingia. Mwanzo walikuja kumsalimu Tantine kwa lugha yake, kwa adabu, kila mmoja akipiga bomba lake kama mtu anayebisha hodi. Halafu wawili wakasalimu pamoja. Halafu mmoja akawa anajibu wakati mwingine anauliza, na Tantine anakanyaga kicheko chini yao wote, na alasiri moja tukagundua kwamba tumeacha kusema na tunapiga. Mama muuza munkoyo alikuwa kwenye rimu. Mimi nilikuwa na beseni langu. Tulikuwa tunatoka jasho.

Directrice akatokea jikoni.

"Hapa si kwenye bal ya dansi!"

Tukaacha. Akatutazama, mmoja mmoja, na mikono yake mgongoni.

"Kwanza, muko mumesimama vibaya. Ba-tiyo bakae pamoja. Ba-beseni kule. Rimu isiguswe mupaka nitoe ishara."

Na tangu siku hiyo kila alasiri ilikuwa hivyo, na mtu aliyechelewa alisimama nje ya lango mpaka aitwe.

Aliyekasirika ni mchungaji, Pasteur kwetu. Kanisa lake la turubai lilikuwa parsele ya pili, viwanja viwili tu kutoka kwa Directrice, na lilikuwa na vipaza sauti viwili vikubwa kama makabati, lakini alisema kelele za Directrice zinaharibu maombi ya kufunga. Alimpelekea habari chef de quartier, mkuu wa mtaa, na chef, mtu mnene wa taratibu ambaye naye aliwahi kupigishwa magoti na Directrice, akaja bila hamu. Kiti kikaletwa. Mtaa wote ukaja.

Mchungaji alieleza kwa muda mrefu. Directrice akaeleza kwa maneno machache: hiki ni kinywa cha dada yangu; chef akitaka akizibe, azibe, lakini aje mwenyewe na mkono wake. Chef akajifuta shingo. Akasema, kwa kuwa kinywa ni cha Tantine, basi Tantine aulizwe: anasema nini juu ya mchungaji?

Tantine akafikiri. Akapiga bomba la mchungaji, ambalo lilikuwa fupi kupita yote na limepasuka mdomoni. Akapiga bidon tupu ya manjano, ambayo kwa lugha yetu ilikuwa "hakuna kitu ndani." Kisha akavitaja vipaza sauti viwili vya mchungaji kwa kugonga mifuniko miwili iliyotundikwa pamoja, kwa nguvu.

Mtaa ukainama. Watu waliziba midomo kwa kanga. Mama muuza munkoyo alilazimika kutoka nje.

"Amesema nini?" chef akauliza.

Wote tulimtazama Directrice, yule aliyetuchapa kwa uongo wa kalamu iliyopotea. Alisimama wima.

"Anasema," Directrice akasema, "mutumishi wa Mungu ni mutu munyenyekevu, na sauti yake inafika mbali."

Bati likanguruma. Tantine, ambaye masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote, alilipiga tena na tena, akionyesha kwa kijiko: bidon! bidon!

"Na sasa?" chef akauliza.

"Sasa anapiga makofi," akasema Directrice.

Chef alitoa hukumu: Jumapili asubuhi ukuta unyamaze, na siku nyingine vipaza sauti vigeuzwe upande wa barabara. Kila mtu akaridhika. Lakini juma lililofuata nilimwona mchungaji kwenye lango la Directrice, peke yake, amevua kofia. Alikuwa amesikia watu wakiongea. Hakutaja bidon hata kidogo. Alitaka kujua kama inawezekana bomba lake liongezwe urefu.

Directrice aliliongeza, kiasi cha kiganja. "Akuje kucheza kwanza," aliniambia. "Yengine tutaona." Na mchungaji akawa anakuja. Alikuwa na mkono mzuri wa ndala, kusema kweli.

Mume wangu alipopata kazi ya kuendesha malori ya kuvuka mpaka, tukahamia Dilolo. Mtaa ulinipa buriani kwa vyombo. Nililia, na Directrice akaniambia nisilie nikiwa nimeshika beseni kwa sababu linabadilisha sauti. Nikiwa Dilolo nikapigiwa simu kwamba Tantine amekufa. Alikufa asubuhi, amekaa kwenye kiti chake, bila kupiga rimu. Sikuwahi kwenye kilio; garimoshi, kama kawaida yake, lilikuwa na siku zake.

Nilifika majira ya mvua yalipokwisha. Directrice alikuwa uwanjani, amenyooka, ameshika kijiko cha kukorogea. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa kwenye makaa. Ukuta ulikuwa bado umesimama, rimu imeshika kutu, chupa zina maji ya mvua.

"Jambo, Directrice."

"Jambo sana. Umenenepa. Kaa."

Tuliongea habari za Dilolo, za bei, za mume. Nikampa pole. Akaipokea kwa kichwa. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Weye ulikuwa unamuelewa sana. Nataka kukuuliza kitu. Juma la mwisho, alikuwa anapiga kitu kimoja kila asubuhi. Bakuli, tiyo yake, chupa, chupa, bakuli. Polepole tu. Nilimuuliza: njaa? Hapana. Unaumwa? Hapana. Unataka kurudi Kasaji? Hapana. Nikamuambia haina kitenzi, siwezi kuelewa. Akanicheka na muguu, akaendelea."

Nilijaribu kuifikiria. Chakula, mimi, kitu, kitu, chakula; chupa peke yake haikuwa neno. Haikuwa sentensi yoyote.

"Sijui, Directrice."

"Nimeuliza batu bote. Pasteur anasema ni sala. Muke yake anasema ni namna ya kupika mihogo. Chef de quartier anasema atafungua dossier." Alikoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Nilifundisha batoto miaka mingi vile, na neno la mwisho la dada yangu sikulielewa."

Nikasema, kwa woga, maana hata sasa nilikuwa naogopa kukosea mbele yake:

"Labda haikuwa neno. Labda alikuwa anapiga tu."

"Kupiga tu?"

"Kupiga tu, Directrice. Juu ya utamu wake."

Akaenda kwenye kiti cha Tantine, akakifuta kwa kanga, akakaa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba miaka yote ile sikuwahi kumwona akigusa kitu chochote ukutani pale isipokuwa kukifunga au kukinyoosha. Akachukua kijiko na ndala kwa mkono wa kushoto.

"Tumia wa kulia, ni rahisi," nikasema.

"Yeye alipiga na kushoto."

Akapiga bakuli. Akapiga bomba, akakosa mdomo wake, ndala ikaanguka, akaiokota. Chupa ya kwanza ilisikika, ya pili hapana. Akasema neno la Kilunda ambalo sidhani kama lilikuwa sala. Akaanza upya. Mkono wake ulikuwa mgumu, mzito, mkono wa mtu aliyeshika chaki na fimbo tu, na kila alipofika kwenye zile chupa mbili alikosea, na kila alipokosea alirudi mwanzo bila kuambiwa na mtu. Mara ya sita au ya saba ikatoka yote. Haikuwa na maana yoyote. Ilikuwa nzuri.

Alikuwa ameanza tena niliposikia harufu.

"Directrice, sombe inaungua."

"Iache iungue," akasema, akapiga chupa.